Meli ya Uganda: Historia Fupi

Uganda haina bahari, lakini kwa zaidi ya miaka 30 jina lake, lililobebwa na meli, lilipasua mawimbi kwa heshima. Kwa niaba ya wote walioihudumia meli hiyo, chomboni na bandarini, tunaandika historia hii kwa fahari na shukrani.

Chimbuko lake ni kampuni ya meli ya British India, iliyoasisiwa na Mskoti William Mackinnon. Mzee huyo aliona mbali. Tangu 1872 meli zake zilileta barua Zanzibar kila mwezi, wakati pwani yetu haijajua reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni iliagiza meli pacha mbili, Kenya na Uganda, kutoka kwa mafundi wa Barclay Curle, Glasgow. Kenya ilitangulia kuanza kazi 1951. Uganda ilishushwa majini tarehe 15 Januari 1952, na Agosti ikang'oa nanga kwa mara ya kwanza.

Na meli ilikuwa meli! Tani 14,430, urefu wa mita 165 hivi, dohani nyeusi yenye mistari miwili myeupe, na nafasi ya abiria 300. Kutoka London ilipita Port Said, Suez na Aden, kisha ikaingia kwetu: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi Beira. Ilileta watumishi wa serikali, wamisionari, wafanyabiashara na familia zao. Ilipofunga gati bandarini Kilindini, Mombasa, mawakala, makuli na madereva wote walipata riziki. Ukumbini mwake mwa kuvutia sigara zilisimama pembe mbili kubwa za ndovu, na kila aliyeziona alizisimulia nyumbani.

Ndege zilipowavuta abiria, kampuni haikuitupa. Mwaka 1967 ilipelekwa Hamburg, ikawekewa madarasa na mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900. Pembe za ndovu zilibaki mahali pake.

Miaka iliyofuata, kwa ufupi:

1968: Februari, safari ya kwanza ya masomo kutoka Southampton. Maelfu ya vijana wa Uingereza waliifahamu Mediterania wakiwa ndani yake.

1969: Pacha wake, Kenya, ilistaafishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970: Ilihamishiwa kampuni ya P&O. Dohani ilibaki na mistari yake.

1982: Vita vya Falkland, kati ya Uingereza na Argentina. Wanafunzi walishushwa Naples, na huko Gibraltar ikageuzwa hospitali ndani ya siku chache. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, Waargentina wakiwemo.

1983–1985: Ilihudumia jeshi kati ya Ascension na Falkland.

1986: Iliuzwa na kupewa jina la Triton. Kimbunga Wayne kiliikuta Kaohsiung, Taiwan. Haya hatutayarefusha.

Kubeba abiria, kufundisha, kuuguza: kazi zote hizo ilizifanya kwa jina lile lile, na haikuliaibisha. Kwa mabaharia wake, wengi wao Wahindi na Wagoa, na kwa wachukuzi wa bandari zetu ambao majina yao hayakuandikwa popote, tunasema ahsanteni sana.