Mlima, mto na ziwa: namna ya kusoma hewa ya Uvira kabla ya kutoka

Siku ya Mungu, kiisha ibada, vijana wa Uvira wanagawanyika. Kuna wale wanaoshuka plaji kuogelea na kucheza mpira kwenye mchanga. Kuna wale wanaopanda mlima ili waone mji na ziwa kutoka juu. Wengine wanachukua baiskeli na kuelekea Kiliba na Sange. Wote wanatazama juu mara moja na kusema: jua iko, twende.

Ukurasa huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaobaki nyumbani wakiwangojea. Ukisahau mengine yote, shika hili: hapa kwetu, anga iliyo juu ya kichwa chako haikuambii yote. Mvua ya hatari mara nyingi inanyesha nyuma ya kilima usichokiona, na maji yake yanakukuta ungali kwenye jua.

Mji uliobanwa

Uvira iko kati ya vitu viwili vikubwa. Mashariki ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake vitabu vinauweka karibu meta 773 juu ya usawa wa bahari. Magharibi ni milima ya Mitumba, ambayo kule Itombwe inapita meta 3,000. Katikati kuna ukanda mwembamba wa ardhi, na ndipo tunapoishi.

Mlima ukiwa mkali na karibu hivyo, maji ya mvua hayapati muda wa kutulia. Yanateremka mbio katika mabonde membamba, na pale ambapo miti imekatwa yanabeba udongo na mawe. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ni mito mifupi. Mto mfupi unajaa haraka sana, hauko sawa na mto mrefu unaokupa siku mbili za kujipanga.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 tuliliona jambo hilo kwa uchungu. Mvua kubwa ilinyesha, Mulongwe ikatoka kwenye njia yake, zaidi ya watu 40 wakafa na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Wengi wao hawakuwa wameenda kutembea popote. Walikuwa nyumbani mwao.

Majira na masaa

Masika yetu yanaanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Mvua nzito zaidi huja mara nyingi mwishoni mwa mwaka, kisha tena Machi na Aprili. Kiangazi ni kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa safari ndefu ya mlimani, kiangazi njo wakati mzuri.

Lakini hata ndani ya masika siku ina utaratibu wake. Asubuhi mara nyingi kuna utulivu. Jua likipanda, mteremko wa mlima unapata joto, hewa yenye unyevu kutoka ziwani inavutwa juu, na mawingu yanaanza kujijenga kwenye vilele. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili za jioni, mawingu hayo yanaweza kugeuka mvua na radi. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi inateremka kutoka mlimani, inasukuma hewa ya ziwa, na dhoruba zinazaliwa juu ya maji hadi alfajiri.

Kwa hiyo kanuni ya masika ni rahisi: panda mapema, na ifikapo saa sita ya mchana uwe umeanza kushuka. Kumbuka pia kwamba jua letu linazama nyuma ya mlima. Ndani ya bonde giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu ya magharibi, na njia yenye utelezi gizani imevunja miguu ya wengi.

Ukiwa kwenye mto

Vijana wengi wanatumia njia ya mto kama barabara ya kupandia, juu ya mawe, kwa sababu ni wazi na haina majani. Wakati wa masika hiyo ni mtego. Kuta za bonde zinakuzuia kuona mawingu ya juu, na sauti ya maji inafunika ngurumo.

Toka haraka ukiona moja kati ya haya:

– Maji yaliyokuwa safi yanakuwa na rangi ya kahawa.
– Majani, vijiti na povu vinapita kwa wingi kuliko mwanzo.
– Unasikia mngurumo wa mawe yanayogongana huko juu.
– Maji yanapungua ghafla bila sababu. Watu wanafurahia hilo, kumbe ni hatari: inawezekana udongo umeanguka na kuziba mto juu, na siku kizibo kikipasuka, yote yatakuja pamoja.

Usikimbie kufuata mto kwenda chini, maji yatakushinda mbio. Panda pembeni, upande wa juu, hata kama ni kwenye shamba la mtu. Ukipita jirani na wamama wanaofua nguo au watu wanaochota mchanga, piga kelele: «Maji inakuja! Tokeni!» Ukikuta mto umejaa mbele yako, usivuke. Maji yanayofika magotini, yakiwa na mbio na mawe, yanamwangusha mtu mzima mwenye nguvu. Ngoja. Mto mfupi unavyojaa haraka, njo vile unavyopungua, mara nyingi baada ya masaa machache tu.

Radi si mchezo

Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Utafiti uliotolewa 2016, uliotumia miaka 16 ya picha za satelaiti, uliiweka Kabare, jirani na Bukavu, katika nafasi ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Ni zaidi ya miali 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba.

Ukiona mwali, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu: utapata umbali kwa kilometa. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, acha kila kitu. Toka majini, shuka kutoka kileleni, usijifiche chini ya mkaratusi au mgazi uliosimama peke yake. Nyumba yenye kuta au gari lililofungwa ni kimbilio. Ukikosa yote, chuchumaa mahali pa chini, na kundi lisisongamane, kila mmoja akae mbali kidogo na mwenzake. Baada ya ngurumo ya mwisho ngoja nusu saa kabla ya kurudi.

Baridi ya juu

Kila ukipanda meta 1,000, joto linapungua kwa digri kama 6. Ukitoka plaji na digri 28 ukafika meta 2,500, usishangae kukuta digri 17, na ukiwa umelowa mvua na upepo unavuma, mwili unaona kama ni chini zaidi. Mtoto aliyelowa anaweza kuanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe kitu cha moto na chenye sukari, mteremshe. Beba koti na nailoni hata siku ya jua.

Ukungu nao unafunga njia ghafla. Ukikosa kuona mbele, kaa pale ulipo mpaka ufunguke, usibahatishe njia.

Ziwa lina tabia yake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na sisi tuko mwisho wake wa kaskazini. Kiangazi, pepo za kusini zinasukuma maji kwa safari hiyo yote, ndiyo maana mawimbi yanafika kwetu yakiwa yamekomaa, hata kama Uvira kwenyewe upepo ni mdogo na mbingu ni safi. Kwa hiyo kiangazi ni rafiki wa mlima, lakini si lazima awe rafiki wa muogeleaji.

Alfajiri, upepo wa mlima unavuma kuelekea ndani ya ziwa. Mtoto anayeelea juu ya mpira wa gari anaweza kusukumwa mbali kimyakimya. Mtu mzima abaki ukingoni akitazama, asiangalie simu.

Tazama pia kimo cha maji. Mei 2024 ziwa lilipanda hadi karibu meta 777, jirani kabisa na rekodi ya 1964, likaingia kwenye nyumba na barabara. Mahali ambapo maji yalifunika majengo, chini panaweza kuwa na kuta, vioo na mabati. Usiruke kichwa mbele mahali usipopajua. Na baada ya mafuriko usinywe maji ya ziwa wala ya mto bila kuyachemsha au kuyatia dawa, maana kipindupindu hakijawahi kutuhama.

Bonde la Ruzizi

Kwa watu wa baiskeli, bonde ni tambarare na lina mvua kidogo kuliko mlima, lakini jua lake ni kali na kivuli ni haba. Toka kabla ya saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, na ubebe maji ya kutosha. Mito inayokata barabara ya kitaifa nambari 5 inatoka milimani: daraja unaloliona kavu asubuhi linaweza kuwa na maji jioni. Karibu na Ruzizi yenyewe kuna viboko na mamba. Jioni viboko wanatoka kula majani, usisimame kati yao na maji.

Kabla ya kutoka

Utabiri wa simu unasaidia, lakini mara nyingi unachanganya ziwa na mlima kama vile ni sehemu moja. Linganisha na taarifa za METTELSAT ya hapa nchini na za IGEBU ya Burundi, ambao wanatazama ziwa hilihili. Kisha uliza watu walioshuka kutoka juu asubuhi hiyo: wamama wanaoleta mazao sokoni wanajua kama mvua imenyesha usiku.

Uliza pia hali ya usalama kwa chef wa kartie na kwa wenyeji wa njia unayotaka kupita. Ikiwa jibu haliko wazi, baki. Hewa nzuri peke yake haitoshi.

Mwisho, mwambie mtu mmoja nyumbani unakwenda wapi, kwa njia gani, na saa gani utarudi. Halafu tazama mlima, siyo kichwani kwako tu. Ukiwa mweusi kule juu, Siku ya Mungu nyingine itakuja.