Sakafu, Dari na Kumbukumbu: Kusoma Historia katika Grafu ya Hisa

Wachambuzi wa hisa hutafuta viwango viwili katika grafu ya bei. Cha kwanza ni sapoti, yaani sakafu ambapo bei inayoshuka hukutana na wanunuzi wengi. Cha pili ni rezistensi, yaani dari ambapo bei inayopanda hukutana na wauzaji. Robert Edwards na John Magee walivieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1948 huko Marekani. Ninadai kwamba viwango hivyo ni kumbukumbu za watu, hivyo havisomeki bila historia.

Mfano wa wazi ni Safaricom. Mwezi Juni 2008 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi baada ya kuuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Mamia ya maelfu ya Wakenya walizinunua, wengine kwa mikopo ya benki. Bei ilipanda siku za kwanza, kisha ikaanguka. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa karibu na shilingi 3. Aliyenunua kwa 5 na kudaiwa na benki alisubiri apate 5 yake atoke. Ikikaribia hapo, wenye kusubiri huuza, na bei hulemewa. Mwaka 2013 iliiacha 5 mbali. Dari ile ilijengwa na madeni na majuto.

Je, kila mstari una kumbukumbu kama hiyo? Kwetu Gihundwe, kampuni ya karibu iliyoingia sokoni ni Cimerwa, kiwanda cha saruji cha Bugarama, humu humu wilayani Rusizi. Iliingia Soko la Hisa la Rwanda Agosti 2020 kwa faranga 120, na kwa muda mrefu bei iliandikwa hiyo hiyo. Mgeni angeiita sakafu imara. Lakini sakafu huthibitika watu wanapouza kwa wingi na wengine wakajitokeza kununua. Pasipo biashara, 120 ilikuwa bei ya mwisho tu iliyoandikwa. Mwenye akiba aliyetaka kuuza kesho yake huenda asingempata mnunuzi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora mstari, tuulize maswali ya mwanahistoria: nani alinunua hapa, lini, kwa fedha ya nani, na wangapi?