Picha Mseto ya Sura na Taswira Akisi ya Jicho

Picha mseto ya sura ni picha ya mtu iliyoundwa kwa kuunganisha picha mbili au zaidi, zilizopigwa mahali au nyakati tofauti, hata zikaonekana kuwa moja. Ikibeba wazo ambalo kamera peke yake isingeweza kulinasa, huitwa picha mseto ya dhana. Katika aina yake moja inayopendwa sana, wazo hilo huwekwa machoni: uso unajaza fremu nzima, na mtazamaji akisogea karibu anaona katika weusi wa jicho jahazi linaloondoka, mlango ulio wazi au nyumba inayoungua. Picha hiyo ndogo ya jichoni ndiyo taswira akisi.

Studioni na mitaani husemwa kwamba picha “imeunganishwa”, “imechomekwa” au “imeeditiwa”. Maneno hayo yanatosha kwa kazi ya kila siku, lakini yote yanataja kitendo, hayakipi jina kitu kilichopatikana. Neno “mseto” linakipa jina hilo: mseto wa mchele na choroko huliwa kama chakula kimoja ingawa kila punje bado inajulikana, na neno lenyewe limeshazoeleka katika “serikali ya mseto” na “kilimo mseto”. “Picha changamani”, ambayo nayo ingeweza kupendekezwa, inaeleza ugumu tu na kuacha suala la kuunganisha. Picha mseto pia isichanganywe na kazi ya Mwingereza Francis Galton, ambaye katika miaka ya 1870 alirundika nyuso za watu wengi juu ya bamba moja akitafuta sura ya jumla ya wahalifu au wagonjwa. Zao la kazi yake ni sura wastani, isiyo ya mtu yeyote. Katika picha mseto mtu hubaki yuleyule.

Ufundi wa kuunganisha ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha mjini Manchester The Two Ways of Life, picha iliyotokana na negativu zaidi ya 30. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson aliunganisha negativu tano kupata Fading Away, picha ya msichana anayekata roho mbele ya jamaa zake, na wapo waliokasirika kwamba huzuni ile ilikuwa ya kupangwa. Huko Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha alizotengeneza katika studio yake kwa mkono, zamani za filamu. Programu ya Photoshop ilipopata matabaka mwaka 1994, kazi iliyokuwa ya mkasi, gundi na chumba cha giza ikahamia kwenye kioo cha kompyuta.

Sehemu ya pili ya istilahi inahitaji uangalifu zaidi. “Nuru ya macho” haiwezi kutumika, kwa kuwa katika Kiswahili maana yake ni uwezo wa kuona. “Picha ya mboni” nayo inapotosha: mboni ni tundu tu la kupitisha mwanga, halirudishi picha. Kinachoakisi ni konea, utando angavu unaofunika mbele ya jicho, pamoja na machozi yanayoulowanisha. Konea ni kioo mbinuko, na taswira inayotokea juu yake inafuata kanuni zilezile ambazo mwanafunzi husoma katika somo la mwanga: ipo wima, ni ndogo kuliko kitu chenyewe, na kulia kwake na kushoto kwake vimebadilishana kama katika kioo chochote. Maandishi ya kibao yakionekana jichoni yanasomeka kinyumenyume.

Udogo wa taswira hiyo unaweza kukokotolewa. Nusu kipenyo cha mpindo wa konea ni takriban milimita 7.8, na urefu wa fokasi ni nusu yake, yaani milimita 3.9. Dirisha lenye upana wa mita 1, likiwa mita 2 mbele ya mtu, litaonekana jichoni kwa upana wa milimita 2 hivi. Konea yenyewe ina upana wa milimita 11 hadi 12. Dirisha zima, basi, linachukua kama sehemu moja ya sita tu ya duara la jicho, na hapo ndipo picha nyingi za wanaojifunza zinapoharibika: mandhari hutandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, jicho likaonekana kama kibandiko. Zaidi ya hayo, konea hurudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga unaoifikia. Taswira akisi ni hafifu, na huonekana vizuri mahali penye giza nyuma yake, yaani juu ya mboni au juu ya irisi (sehemu ya jicho yenye rangi) iliyo nyeusi au ya kahawia. Macho ya kahawia ya watu wengi wa Afrika Mashariki yanafaa mno kwa kazi hii. Katika irisi ya buluu mpauko sehemu kubwa ya taswira humezwa na rangi.

Kutokana na hayo kinapatikana kipimo cha istilahi yenyewe. Taswira akisi hukatiza juu ya mboni bila kusimama, kwa sababu imelala juu ya konea iliyo mbele ya vyote. Katika mchoro wa René Magritte uitwao Le Faux Miroir, wa mwaka 1929, irisi imejaa anga na mawingu, lakini mboni imebaki duara jeusi katikati. Hiyo ni irisi iliyobadilishwa, na uzuri wake uko papo hapo, katika kukataa kanuni za mwanga. Albrecht Dürer, kwa upande wake, alipomchora sungura mwaka 1502 alitia jichoni mwake dirisha dogo linalong'aa. Hiyo ni taswira akisi halisi.

Mtengenezaji huanza kwa kupiga sura akiwa na taa iliyowekwa pembeni, ili doa jeupe la taa lisikae katikati ya jicho. Mandhari ya kuingizwa hupigwa peke yake, hugeuzwa kulia kwenda kushoto, hupunguzwa na kupindwa kama sehemu ya tufe, kisha huwekwa kwenye tabaka la juu kwa mtindo wa kuchanganya unaojumlisha mwanga. Mtindo huo ndio unaofaa, kwa sababu uakisi wa kweli huongeza mwanga na haufuniki kitu: sehemu nyeusi za mandhari hutoweka, irisi ikaendelea kuonekana chini yake. Kope hubaki juu ya taswira, na kivuli cha kigubiko cha juu cha jicho huifanya iwe nyeusi kidogo upande wa juu. Ule mstari mwembamba wa machozi unaong'aa kwenye ukingo wa chini usifutwe. Jicho la pili hupewa mandhari ileile kwa upande uleule, ikisogea kidogo tu. Anayeigeuza ili macho yafanane kama mabawa ya kipepeo huweka dirisha moja kulia na jingine kushoto, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyeketi mbele ya dirisha moja.

Kosa hilo limepata matumizi nje ya sanaa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, walilinganisha uakisi wa macho mawili ili kutambua nyuso zilizotungwa na akili unde, wakaripoti usahihi wa asilimia 94 katika picha za sura. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitumia kwa lengo hilohilo vipimo ambavyo wanaastronomia hupimia maumbo ya galaksi. Kabla ya hapo, mwaka 2013, watafiti Rob Jenkins na Christie Kerr walionyesha kwamba nyuso za watu waliosimama mbele ya mpigwa picha zinaweza kutambuliwa katika konea zake, picha ikiwa na ubora wa juu.

Kwa kuwa jicho hutazamwa kama shahidi wa kile mtu alichokiona, picha ya aina hii haifai kuchapishwa katika habari. Mahali pengine popote, maelezo yake yaandikwe waziwazi: picha mseto.