Jinsi ya kutambua umri wa koti kuukuu la Kijerumani

Galu, ufuo ulio kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, umezoea wageni wa Kijerumani. Koti kuukuu la kwao likimfikia mchuuzi wa mitumba asiyelitambua, huenda akaliuza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi naye asipokuwa macho atauziwa nguo ya juzi kwa bei ya nguo ya kale.

Ushahidi wa kwanza ni lebo. Maneno "West Germany" huonyesha kwamba nguo ilishonwa baada ya nchi kugawanyika mwaka 1949 na kabla ya kuungana tena Oktoba 3, 1990. Herufi VEB zilitumiwa na viwanda vya umma vya Ujerumani Mashariki.

Anwani nayo husaidia. Nambari za posta zenye tarakimu nne zilianza Ujerumani Magharibi mapema miaka ya 1960, na Mashariki mwaka 1965. Zenye tarakimu tano zilianza Julai 1, 1993. Koti lenye anwani hiyo si la katikati ya karne iliyopita.

Kitambaa cha Perlon hakiwezi kutangulia mwaka 1938, uzi huo ulipobuniwa na mkemia Paul Schlack. Katika suti za kupimisha, chunguza mfuko wa ndani: mafundi wengi waliandika humo jina la mteja na tarehe.

Hata hivyo, lebo huweza kuhamishwa, hivyo linganisha uzi wake na wa bitana. Muuzaji naye asiikate: ikitoka, ushahidi hutoka nayo.