Pikapu ya Luvungi ilitoka wapi?
Mama mmoja aliyerudi toka Tanzania alituonyesha Land Cruiser kuukuu. Karte roze ilipotea katika vita ya 1996, na jirani anasema gari ni yake, aliinunua 1978.

Tulianza na usukani: uko kushoto, kama za kwetu, zinazovuka toka Kigoma huwa kuume. Rangi haisemi kitu, imepakwa mara nyingi mno! Tukasugua kibao mpaka maandishi yakatokea: HJ47LP. L ni usukani wa kushoto, P ni pikapu, H ni moteri ya mazutu. Modeli hiyo Toyota iliianza 1980, basi jirani anakosea. Moteri ya sasa ina silinda 4. Ya kwanza, 2H, ilikuwa na 6.

Mama alikuwa ameandika namba ya chasi nyuma ya picha ya arusi. Zinafanana, ila tarakimu moja imeliwa na kutu.