Skwota ni Nani?

Lipo neno moja la Kiingereza linalonikera kuliko yote: squatter. Sisi Wakenya tumelitia ulimini likawa skwota, wakiwa wengi, maskwota. Asili yake ni kuchuchumaa. Na aliyechuchumaa hajakaa bado. Ukimwambia ondoka, ainuke aende zake. Ujanja wote umo humo.

Lakini hebu tazama neno hili lilivyotembea. Kule Australia, miaka ya 1830 na 1840, skwota alikuwa mzungu aliyeswaga kondoo wake hadi kwenye ardhi ambayo serikali ya Uingereza ilijiandikia, ingawa wenyeji waliishi humo tangu kale. Je, alifukuzwa? Thubutu! Mwaka 1836 aliwekewa leseni ya pauni 10 kwa mwaka, akalisha, akatajirika, na jina likawa la wakubwa. Uingereza kwenyewe, mwaka 1946, maskwota walikuwa familia zilizokosa nyumba baada ya vita, zikaingia katika kambi tupu za jeshi. Wengi wao waliachiwa wakae.

Haya, njoo Kenya. Walowezi walipokwisha kugawiwa mashamba ya nyanda za juu, sheria ya 1918 ikamtaka Mwafrika aishiye shambani humo amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Naye akaitwa skwota. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kumpunguzia mifugo na kumwongezea siku za kazi. Yaani kondoo walimtajirisha skwota wa Australia, lakini wa kwetu ng'ombe wake wakawa kosa!

Pwani nako, sheria ya hatimiliki ya 1908 ilitaka kila mtu aende kudai ardhi yake kwa serikali. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi hawakuandikisha dai lolote. Uhuru ukaja 1963, neno likabaki pale pale. Hadi leo utamkuta mzee ana makaburi ya babu zake nyuma ya nyumba, na minazi aliyoirithi, lakini kwenye makaratasi yeye ni skwota tu.

Mimi, nikilikuta neno hili gazetini, sisomi mbele upesi. Nauliza kwanza: hati iliandikwa mwaka gani, na huyu aliyeitwa skwota alikuwa ameshaishi hapo miaka mingapi?