Upepo wa Ikola si upepo wa Paje

Wiki hii, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya upepo. Vijana wa Mpanda wameona picha za watu wakiteleza juu ya bahari ya Paje, Zanzibar, huku wakivutwa na tiara kubwa, na wanauliza: kwa nini mchezo huo usiletwe Ikola? Ufuko upo, mchanga upo, na upepo ni wa kumwaga. Ni swali la haki, na jibu lake nimelikuta katika historia.

Wazo la kuvutwa na tiara majini si geni. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka kutoka Ufaransa hadi Uingereza katika kimashua kilichokokotwa na tiara. Shida ilikuwa moja: tiara ikianguka majini inalowa, na safari imekwisha. Ndipo mwaka 1984 ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walipoandikisha tiara yenye mirija inayojazwa hewa, ambayo huelea na kuweza kuruka tena. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Paje ikajulikana duniani kwa mchezo huo.

Paje ilipata bahati ya kijiografia. Iko upande wa mashariki wa kisiwa, hivyo kusi na kaskazi yote huja kutoka baharini au kupita ubavuni mwa ufuko. Mbele yake kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Anayeanguka husukumwa kuelekea nchi kavu. Hata hivyo wenyewe wana masharti: kamba zile zina urefu wa mita 20 na ushee na zaweza kumkata mtu, mkanda lazima uwe na kifungulio cha kuachia tiara mara moja, na ni mwiko kutoka wakati upepo unavuma kutoka barani. Tena maji yale yana wenyewe. Kina mama wanalima mwani humo tangu mwaka 1989.

Sasa geuza ramani. Ikola iko pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, inatazama machweo. Kusi ya huku, ambayo hushika nguvu kati ya Mei na Septemba, hutoka kusini mashariki, maana yake mgongoni kwetu. Usiku nao upepo wa nchi kavu hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana upepo wa ziwa waweza kukurudisha, lakini huo hauna mkataba na mtu. Ukipoteza ubao saa mbaya, mbele yako kuna zaidi ya kilomita 50 za maji kabla ya kuiona Kongo, na chini yako ziwa ambalo kina chake kirefu kabisa chafikia mita 1,470. Mwamba wa kukuzuia haupo. Mamba sikuwataja.

Wazee wa ziwa hili walilijua hilo zamani. Machi 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini, aliondoka Ujiji kwa mashua za tanga akifuata pwani hii hii kuelekea kusini. Yeye ni baharia wa kusomea, lakini waliomwongoza ni wenyeji. Ameandika kwamba walipofika Rasi ya Kabogo, kaskazini ya milima ya Mahale, viongozi wa chombo waliweka shanga juu ya kafi wakamwomba mwenye rasi awaruhusu kupita salama. Wazungu wa wakati ule waliona ushirikina. Mimi naona kitu kingine pia: watu waliojua hasa ni wapi ziwa huua, na waliokuwa na desturi ya kutopapita mahali hapo kwa mzaha.

Wageni waliodhani ziwa limetulia walishangazwa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alianzisha kituo Karema, jirani na Ikola, karibu na maji. Lakini mlango wa mto Lukuga, ng'ambo ya pili, ulikuwa umezibuka, na ziwa lilikuwa linashuka. Miaka michache baadaye maji yalikuwa yameiacha ngome mbali na ufuko, na mwaka 1885 wakakabidhiwa Mapadri Weupe. Miaka hii ya 2020 ziwa limepanda na kumeza nyumba za watu. Ufuko unaoupima leo kwa ajili ya mchezo, kesho huenda usiukute.

Kisha kuna Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaungwa upya Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwa miaka mingi ilipofika Ikola haikuwa na gati la kufunga. Ilitia nanga nje, na mitumbwi ikaifuata gizani, akina mama wakirushiana watoto na magunia ya dagaa juu ya wimbi. Watu hao hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakisafiri, na wengi bila jaketi la kuokolea.

Ndiyo maana vijana wangu siwakatazi, ila nawaomba waanze mahali pengine. Kabla ya tiara Ikola inahitaji mashua ya uokoaji yenye injini na mafuta ndani yake, mtu wa kuipokea taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuisoma ufukoni kila alfajiri, na majaketi ambayo mvuvi wa dagaa anaweza kuyanunua. Mashua hiyo siku ya kwanza itamfuata mvuvi aliyezimikiwa injini katikati ya kusi. Mwenye tiara, akija, ataikuta tayari ina kazi.